Kufundisha Kuzuia Damu Inayotoka kwa Wingi

Utangulizi

Katika kila shule ya msingi vimo vyombo vyenye makali. Yamo majembe, mapanga na makwanja ya kufyekea nyasi. Vimo visu vya jikoni, vioo vya madirisha na mabati yaliyong'oka pembe. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, kazi za mikono zimekuwa sehemu ya malezi katika shule zetu, na hata pale ambapo shamba la shule limepungua, mara nyingi uwanja bado hufyekwa na wanafunzi wenyewe. Nje ya uzio ipo barabara, na barabarani zipo pikipiki. Mwalimu anayewatoa watoto arobaini wakafyeke uwanja amewatia mikononi vyombo vinavyoweza kukata mshipa mkubwa wa damu kwa dharuba moja. Basi imempasa ajue la kufanya dharuba hiyo inapoangukia mguu badala ya nyasi.

Twajua pia kwamba aghalabu zahanati haiko karibu na darasa. Hata ikiwa umbali wa kilometa tatu tu, safari ya kumbeba majeruhi huchukua muda mrefu kuliko ule ambao mshipa mkubwa uliokatika humwachia mtu. Aliyekatika ateri kubwa aweza kufa katika dakika chache, pengine zisizofika tano. Katika dakika hizo hayupo daktari wala muuguzi; yupo mwalimu, yupo mpishi wa shule, na wapo wanafunzi wenzake. Ama mmoja wao atalikandamiza jeraha, ama mtoto atafikishwa zahanati akiwa maiti.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo wa ualimu afundishe jambo hili katika shule atakayopangiwa: awafundishe wafanyakazi wenzake, na awafundishe wanafunzi kwa kadiri ya umri wao. Hatutaeleza kazi ya daktari. Tutaeleza mambo machache ambayo mikono ya mtu yeyote yaweza kuyafanya, na jinsi ya kuyafundisha hata yakakaa mikononi.

Elimu hii si ya madaktari peke yao

Wapo walimu wanaodhani kwamba kushughulikia jeraha kubwa ni kazi ya watu wa hospitali, na kwamba asiyesomea uganga hana ruhusa ya kugusa. Historia yaonyesha vinginevyo. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, majeruhi maelfu walilala bila wa kuwahudumia. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyekuwa akipita, aliungana na wanawake wa mji wa Castiglione kuwaosha na kuwafunga majeraha. Hakuwa daktari, na wale wanawake hawakuwa wauguzi. Kutokana na aliyoyaona huko ndipo mbegu ya Chama cha Msalaba Mwekundu ilipopandwa mwaka 1863. Mwaka 1882, Friedrich Esmarch, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alianzisha katika mji wa Kiel shule ya kuwafundisha raia wa kawaida huduma ya kwanza. Alieneza pia matumizi ya kitambaa cha pembe tatu, ambacho mama zetu wanaweza kukipata mara moja kwa kukunja khanga.

Katika miaka ya karibuni jambo hili limetiliwa mkazo mpya huko Marekani. Mwezi Desemba 2012 watoto 20 na wafanyakazi 6 waliuawa kwa risasi katika shule ya msingi mjini Newtown, jimbo la Connecticut. Mwaka uliofuata madaktari wapasuaji na wataalamu wengine walikutana katika mji wa Hartford, wakashauri kwamba raia wafundishwe kuzuia damu. Mwaka 2015 ikaanzishwa kampeni ya nchi nzima ya kuwafundisha. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 2019 inayozitaka shule za umma ziwe na vifaa vya kuzuia damu na watu waliofunzwa kuvitumia. Sababu zetu si sawa na zao. Kwetu mshipa hukatwa zaidi na panga, kwanja, kioo na pikipiki kuliko risasi. Lakini damu ni ile ile, na dakika ni zile zile.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaelewa kwanza

Mwalimu asifundishe kanuni ambazo hajui sababu zake. Mtoto atauliza "Kwa nini?", na akikosa jibu atazisahau.

Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano. Mtoto mwenye uzito wa kilo 25 ana damu isiyozidi lita mbili. Mtu mzima anayejitolea damu hospitalini hutolewa karibu nusu lita. Hupumzika kidogo, akanywa kinywaji, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mtoto yule akipoteza nusu lita hiyo hiyo, amepoteza robo ya damu yake yote, naye yumo hatarini. Kwa hiyo mtoto hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima.

Jambo la pili ni namna damu inavyokoma. Damu ina uwezo wa kuganda, na donge linaloganda huziba mdomo wa mshipa. Katika jeraha dogo kazi hiyo hufanyika yenyewe. Katika jeraha kubwa damu hutoka kwa nguvu, ikaling'oa donge kabla halijashika, kama vile maji ya mfereji yanavyouchukua udongo tunaoutupia ili kuyaziba. Tunapokandamiza tunafanya mambo mawili kwa pamoja: tunauziba mshipa kwa nguvu za mikono, na tunaipa damu utulivu ipate kuganda.

Sababu hiyo moja ikieleweka, kanuni zote zilizobaki hufuata. Tunakandamiza mahali hasa damu inapotokea kwa sababu mshipa uko hapo, si kando yake. Hatufunui kitambaa kuchungulia kwa sababu kufunua huling'oa donge. Tunamfunika majeruhi apate joto kwa sababu damu ya mwili uliopoa huganda kwa shida.

Maneno matatu: ITA, TAFUTA, KANDAMIZA

Mtu aliyeshikwa na hofu hakumbuki aya ndefu. Hukumbuka maneno machache aliyoyarudia mara nyingi. Twapendekeza maneno matatu yafuatayo, yafundishwe kwa mpangilio huu huu.

ITA. Paza sauti, umtaje mtu kwa jina na umpe kazi: mmoja apige simu, mwingine alete sanduku la huduma ya kwanza, mwingine atafute gari. Anayesema "Mtu alete msaada!" huenda asimpate hata mmoja, kwa sababu kila anayesikia hudhani ameambiwa mwenzake. Kabla ya kukaribia, tazama kama hatari imekwisha: pikipiki zimesimama, panga limewekwa chini, vigae vya kioo havikanyagwi.

TAFUTA. Damu hujificha ndani ya nguo. Fungua au kata nguo uone inapotoka. Dalili kwamba damu ni ya hatari ni hizi: inaruka au inabubujika bila kukoma, inatuama chini, imelowesha nguo au bendeji yote, sehemu ya mkono au mguu imekatika, au majeruhi amekuwa baridi, amepauka, anasinzia, au anasema maneno yasiyo na mpango.

KANDAMIZA. Mlaze majeruhi chini, mahali pagumu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, viganja viwili juu yake, nyosha mikono, kisha egemea kwa uzito wa mwili wako. Ukikosa kitambaa safi tumia kilichopo, kwa maana uchafu huweza kutibiwa baadaye. Kama jeraha ni la kina na liko mkononi, mguuni, kwapani au kinenani, jaza kitambaa ndani ya jeraha mpaka chini kabisa, kisha kandamiza juu yake. Jeraha la kifua au tumbo halijazwi kitambaa. Hilo lahitaji mpasuaji, na kazi yetu ni kumfikisha majeruhi hospitali upesi iwezekanavyo. Endelea kukandamiza mpaka mtu wa afya akupokee. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu. Damu ikiendelea kububujika, huenda mikono yako iko kando ya mshipa. Tafuta upya mahali inapotokea, ujaze na ukandamize tena kwa nguvu zaidi.

Ukanda wa kukazia

Lipo neno la nne, ambalo ni la watu wazima: KAZA. Ukanda wa kukazia, ambao hospitalini huitwa torniketi, hutumika kwa mkono au mguu tu, pale ambapo kukandamiza kumeshindwa, au kiungo kimekatika, au msaidizi yuko peke yake na majeruhi ni wengi.

Zamani vitabu vingi vya huduma ya kwanza viliutaja ukanda huu kwa hofu kubwa, na vingine vilifundisha ulegezwe kila baada ya dakika kadhaa. Uzoefu uliopatikana kwa askari waliojeruhiwa katika vita vya Iraki na Afghanistani baada ya mwaka 2001 umebadili mafundisho hayo. Ilionekana kwamba ukanda uliofungwa mapema, kabla majeruhi hajaishiwa nguvu, huokoa maisha, na kwamba ni nadra kiungo kupotea kwa sababu ya ukanda uliokaa chini ya saa mbili. Kuulegeza kila mara huifanya damu itoke tena kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi twafundisha kwamba ukishafungwa na asiye mtu wa afya, usilegezwe mpaka hospitali. Ndiyo maana safari isicheleweshwe, na saa uliofungwa iandikwe.

Hufungwa hivi. Chukua kitambaa chenye upana wa sentimeta nne au zaidi kikishakunjwa. Kipande cha khanga chafaa. Kizungushe juu ya jeraha, upande ulio karibu na moyo, kiasi cha sentimeta tano hadi nane kutoka jeraha, na kamwe si juu ya goti, kiwiko, wala kiungio kingine. Piga fundo moja, weka kijiti kigumu juu yake, piga fundo la pili juu ya kijiti. Zungusha kijiti mpaka damu ikome kabisa, kisha ukifunge kijiti kisirudi nyuma. Majeruhi ataumia sana, na maumivu hayo si dalili kwamba umekosea. Ukanda uliokazwa nusu ni hatari kuliko kutofunga, kwa sababu huizuia damu inayorudi moyoni huku ile inayotoka moyoni ikiendelea kupita, na jeraha huzidi kuvuja. Usitumie waya, kamba ya katani wala uzi wa nailoni, kwa kuwa vitu vyembamba hukata nyama kabla ya kuubana mshipa. Rula ya mbao na kalamu havifai kuwa kijiti, huvunjika.

Hapa mwalimu atoe onyo moja wazi: ukanda huu si dawa ya kuumwa na nyoka. Mahali pengi watu wana desturi ya kufunga kwa nguvu mguu ulioumwa na nyoka, na mtu aliyejifunza ukanda juzi huenda akautumia huko. Kufanya hivyo kwaweza kuuharibu mguu. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembezwe, kiungo kisichezeshwe, naye akimbizwe hospitali.

Nani afundishwe nini

Wanafunzi wa madarasa ya chini wafundishwe mambo mawili tu: kumwita mtu mzima mara moja, na kukandamiza jeraha lao wenyewe kwa mkono wao. Wasifundishwe kushika damu ya mwenzao. Madarasa ya kati waongezewe dalili za hatari, pamoja na kumwelekeza mwenzao ajikandamize. Madarasa ya juu wafundishwe kukandamiza kwa uzito wa mwili, kufunga bendeji, na kugawana kazi. Walimu na wafanyakazi wote wafundishwe yote manne. Tunaposema wafanyakazi twamaanisha mpishi anayeshika kisu kila siku, mlinzi anayekuwapo saa ambazo walimu hawapo, na msimamizi wa shamba. Mara nyingi hao ndio wa kwanza kufika, na mara nyingi hao ndio wanaosahauliwa semina zinapopangwa.

Zana za kufundishia

Hapana sababu ya kungoja vifaa kutoka mjini. Zana zifuatazo zapatikana kila kijiji.

Maji ya rozela au ya kiazisukari hufanana na damu kwa rangi ya kutosha. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu moja ubavuni, ikajazwa maji na kusimamishwa, huonyesha jambo kubwa: kitambaa kikishikwa juu juu maji huendelea kutoka, lakini kidole kikibana juu ya tundu lenyewe maji hukoma. Kipande cha godoro la sponji kilichopasuliwa mpasuo mrefu huwa jeraha la kina. Mpira mwembamba wa maji ukipitishwa chini ya mpasuo huo, na ncha yake nyingine ikatiwa katika ndoo iliyoinuliwa kiasi cha meta moja, tunapata mshipa unaovuja kweli. Gogo lenye unene wa paja, lililozungushiwa sponji, hutumika kwa mazoezi ya ukanda.

Kanuni moja isivunjwe: ukanda usikazwe kwenye mkono au mguu wa mwanafunzi kwa ajili ya mazoezi. Watoto hushindana, na mmoja atataka kuonyesha nguvu zake.

Andalio la somo: vipindi viwili kwa darasa la juu

Kipindi cha kwanza (dakika 40). Anza na jaribio la kukisia. Pima vikombe vitatu vya maji ya rangi, kila kimoja robo lita, bila wanafunzi kuona. Mwaga kimoja sakafuni, cha pili kwenye mchanga, cha tatu juu ya nguo iliyokunjwa. Waulize ni wapi palipomwagwa maji mengi zaidi. Karibu wote watataja sakafu, kwa kuwa maji husambaa na kuonekana mengi. Mchangani hunywewa, na nguo huyaficha. Ukiwaonyesha kwamba vipimo ni sawa, watakuwa wamejifunza wenyewe kwamba macho hudanganya, na kwamba nguo nzito au ardhi ya shamba yaweza kuficha hatari (dakika 10). Kisha toa maelezo ya kiasi cha damu na namna inavyokoma, ukitumia chupa iliyotobolewa (dakika 10). Fundisha maneno matatu, ukiyatenda huku ukiyasema, kisha uyatende tena kimya na wanafunzi wayaseme (dakika 8). Dakika 12 zilizobaki wafanye wenyewe, wawili wawili, kwa vitambaa vikavu, mmoja akilala na mwingine akikandamiza juu ya paja.

Kipindi cha pili (dakika 40). Rudia maneno matatu kwa maswali mafupi (dakika 5). Gawa darasa katika makundi ya watu wasiozidi sita, kila kundi na sponji yake. Kila mwanafunzi akandamize kwa dakika tatu kamili bila kufunua kitambaa, mwenzake akishika saa (dakika 20). Dakika tatu ni fupi kwa kusema na ndefu kwa kutenda; mikono itatetemeka, na hapo ndipo mtoto atakapoelewa kwa nini tunanyosha mikono na kutumia uzito wa mwili badala ya nguvu za vidole. Maliza kwa igizo la ajali uwanjani: kiongozi anaita kwa majina, mmoja anakandamiza, mmoja anakwenda ofisini, wengine wanaondolewa (dakika 10). Dakika tano za mwisho ziwe za tathmini na kunawa.

Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona wanachuo wakitumia dakika 30 kueleza aina za mishipa, wakaacha dakika 10 za vitendo, na kengele ikagongwa kabla hata nusu ya darasa haijagusa kitambaa. Maelezo yao yalikuwa sahihi. Hata hivyo, mtoto aliyesikia hayo akatoka bila kukandamiza kitu hana msaada wowote atakaoutoa. Somo hili ni kama kuogelea: halifundishwi ubaoni. Mwanachuo apime somo lake kwa swali moja, yaani kila mtoto ametumia dakika ngapi mikono yake ikiwa kazini.

Makosa ya kuyaondoa

Mwalimu asidhani kwamba anamwaga maarifa katika vyombo vitupu. Kila mtoto amekuja na aliyoyaona nyumbani. Waulize kwanza, bila kuwacheka, kwao huwekwa nini kwenye jeraha. Utasikia majivu, majani ya chai, mafuta ya taa, udongo, dawa ya meno na kinyesi cha ng'ombe. Eleza kwamba vitu hivi havibani mshipa, tena huingiza vijidudu, vikiwamo vya pepopunda. Usiwatukane wazee wao. Onyesha kwa ile chupa kwamba majivu yakinyunyizwa juu ya tundu huchukuliwa na maji, na kidole huyazuia. Mtoto atakwenda kusimulia nyumbani, na somo litakuwa limefika mbali kuliko darasa.

Kosa la pili ni kuchomoa kitu kilichonasa ndani ya jeraha, kama kigae au ncha ya chuma. Kitu hicho huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kiachwe, kikandamizwe pande zake, na kichomolewe hospitali. Kosa la tatu ni kumpa majeruhi maji au chai. Ataomba, kwa kuwa kiu ni dalili ya kupungukiwa damu, lakini huenda akapasuliwa, na tumbo lenye kitu ni hatari wakati huo. Kosa la nne ni kumwinamisha nyuma mtoto anayetoka damu puani. Hiyo si damu ya hatari kwa kawaida, ila hutokea kila wiki, na yafaa ifundishwe hapa: ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10, apumue kwa mdomo.

Hofu na usalama wa msaidizi

Watoto na walimu huogopa UKIMWI na homa ya ini, na hofu hiyo isipojibiwa itawazuia wasisaidie. Elezeni ukweli. Virusi vya UKIMWI havipiti katika ngozi nzima isiyo na jeraha. Msaidizi avae glavu. Zikikosekana, aweke kitu kisichopitisha maji kati ya mkono wake na damu, kama mfuko wa nailoni uliofungiwa mkate, au amwelekeze majeruhi ajikandamize mwenyewe. Baada ya kazi anawe kwa sabuni na maji yatiririkayo. Kama damu imeingia machoni, mdomoni au katika mchubuko, aende kituo cha afya mara moja, kwani dawa za kukinga UKIMWI hazina budi kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora.

Ipo hofu nyingine isiyohusu maradhi. Darasani huenda yumo mtoto aliyemwona ndugu yake akifa barabarani. Tangaza somo siku moja kabla, na umruhusu asiyeweza kutazama maji mekundu atoke nje bila kuulizwa mbele ya wenzake. Aidha, waambie wanafunzi waziwazi kwamba wapo majeruhi ambao hufa ingawa wamesaidiwa vema. Mtoto aliyekandamiza kwa nguvu zake zote akampoteza mwenzake asije akabeba mzigo wa kudhani kwamba amemuua.

Tathmini

Somo hili lisipimwe kwa karatasi. Mwalimu awe na orodha fupi, amtazame kila mwanafunzi: Je, ameita kwa jina? Je, amefunua nguo akaona damu inapotoka? Je, ameanza kukandamiza upesi, au amehangaika kutafuta kitambaa kizuri? Je, mikono imenyooka na uzito umeegemea? Je, amevumilia dakika tatu bila kuchungulia? Je, amemfunika majeruhi? Asiyefaulu jambo moja alirudie pale pale. Kisha mazoezi yarudiwe kila muhula, hata kwa dakika 20, maana mikono husahau upesi kuliko kichwa.

Utayari wa shule

Maarifa bila mpango ni nusu ya kazi. Shule iwe na sanduku lenye glavu, shashi au vipande vya khanga vilivyofuliwa na kupigwa pasi, bendeji pana, ukanda wa kukazia na kijiti chake, mkasi na kalamu. Sanduku likae mahali ambapo kila mtu anapajua, wala lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini kwenye semina. Namba za simu za zahanati na za wenye magari wa jirani ziandikwe ukutani. Siku ya kazi za nje sanduku litoke pamoja na vyombo. Wanafunzi wapangwe mbalimbali, wenye makwanja wakiachana kwa hatua zisizopungua tano, kwa kuwa jeraha lililo rahisi kuliko yote kulizuia ni lile ambalo halikutokea.

Mwanachuo atakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha aulize mambo matatu katika juma la kwanza: sanduku liko wapi, nani ana ufunguo, na nani kati ya wafanyakazi aliyewahi kukandamiza jeraha kwa mikono yake. Akikuta majibu hayapo, asingoje kuagizwa. Amwombe mwalimu mkuu dakika 40 za mchana mmoja, akatafute kipande cha sponji, ndoo na mpira wa maji, awakusanye walimu, mpishi na mlinzi, aanze.